Kwako Rehema, wewe si mwoga

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Barua yako kuhusu hofu inayokuandama tangu ile ajali ya gari nimeisoma taratibu. Nilipofika pale kifuniko cha sufuria kilipoanguka jikoni ukajikuta umejibanza nyuma ya mlango, moyo ukienda mbio na watoto wakikukodolea macho, nikaona pole tupu haitoshi.

Unajiita mwoga. Hilo silikubali. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo hupiga mbiu ya hatari kabla hujapata hata nafasi ya kufikiri. Gari lilipopinduka ilifanya kazi yake barabara. Shida ni kwamba tangu siku ile haijashusha pumzi: harufu ya petroli, breki zikilia, chuma kikigonga sakafu, vyote kwake ni ajali ileile, tena inatokea sasa hivi. Ndiyo maana kumbukumbu hizo haziji kama habari za zamani. Zinakuvamia.

Na hukuanza wewe kuitwa hivyo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliotetemeka na kupoteza usemi baada ya mizinga walidharauliwa, na wapo waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa woga au kutoroka. Uingereza iliwasamehe mwaka 2006, makaburini! Madaktari wa akili wa Marekani nao waliuingiza ugonjwa huu wa hofu inayobaki baada ya mkasa mzito, uitwao PTSD, rasmi katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980 tu.

Sasa hao wanaokuja kukupa pole kisha wakadai uwasimulie yote "utoe dukuduku", waambie hapana bila kuona haya. Kumlazimisha mtu asimulie mara tu baada ya mkasa hakumkingi, na huenda kukamzidishia. Vidonge vya usingizi vya jirani, mrudishie.

Ila kuna jambo hutalipenda. Umeacha kupanda gari, umeacha kupita njia ile, redio ikitaja ajali unaizima. Kila ukikwepa unapata nafuu, na nafuu hiyohiyo ndiyo inayoilisha hofu, kwa sababu mwili haupati nafasi ya kuona kwamba breki zimelia na hakuna aliyeumia. Mwanasaikolojia aliyefunzwa kazi hii atakurudisha huko kidogo kidogo, kwa mwendo wako: leo kusimulia kipande, siku nyingine kukaa ndani ya gari lililozimwa, mlango wazi. Hutasahau. Utakumbuka bila kutokwa jasho. Mwanzoni ndoto zinaweza hata kuongezeka, usikimbie kwa sababu hiyo.

Wengi hutulia wenyewe baada ya wiki kadhaa wakiwa na watu wao karibu. Kwako ni miezi sasa, na usingizi bado huna, kwa hiyo usiendelee kungoja. Siku ya kwanza nitakusindikiza kwa miguu, nikae nje mpaka utoke. Nitajie tu siku.

Wasalimie watoto, na waeleze kwamba mama alishtuka. Wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Wako,
Mwanaidi