"Hiyo haina spea tena": soma hii kabla hujaiuza trekta yako ya zamani kwa kilo

Wateja wetu na wote wenye trekta ndogo za zamani, leo tuongee habari ya spea. Hapa karakana kwetu Tanga mjini mtu anakuja katoka Muheza, Pangani au Mkinga, ana trekta ya Massey Ferguson aliyoachiwa na baba yake, imelala chini ya mwembe miaka na miaka, mafundi wawili watatu walishamwambia hiyo haina spea tena, na jamaa wa chuma chakavu ameshapita kuipigia hesabu ya kilo. Inatuuma sana. Mara nyingi spea ipo, tena ipo Ngamiani hapa hapa au Dar, ila aliyetumwa kuitafuta aliuliza kwa jina la trekta, muuza duka akatikisa kichwa, na mambo yakaishia hapo.

Spea ya trekta ya zamani haitafutwi kwa jina la trekta, inatafutwa kwa namba na vipimo. Ukishika hilo tu umeshavuka nusu ya safari.

Chukua beringi. Ifute grisi vizuri kwa dizeli na kitambaa, iangalie pembeni juani, utakuta namba, tuseme 6205. Hiyo maana yake tundu la ndani milimita 25, nje 52, unene 15, na ni hivyo dunia nzima, iwe imetoka kwenye trekta, kwenye mashine ya kusaga au kwenye mota ya pampu ya maji. Muuza beringi hahitaji kujua trekta yako ni ya mwaka gani. Oili sili nayo imeandikwa mgongoni, 35 52 7 ni shafti ya 35, tundu la 52 na unene wa 7. Maandishi yakiwa yamelika tunapima shafti na tundu lenyewe, sio sili kuukuu, mana mpira ulioiva kwa mafuta unavimba na kusinyaa unavyotaka wenyewe. Na kwa trekta za Kiingereza sili nyingi ni za inchi, kwaiyo ukipima ukapata 44.45 usiseme basi niletee ya 45, hiyo ni inchi moja na robo tatu kamili, ya 45 itavuja wiki hiyo hiyo.

Hapo hapo kuna ugonjwa wa bolti ambao tunakutana nao mno. Bolti ya inchi 5/16 ya Massey ina unene wa kama milimita 7.9, na ya milimita nane ya kawaida ukiziweka pamoja mkononi zinafanana kabisa, ila tredi hazifanani, ya nane hatua yake, yaani umbali wa tredi moja hadi nyingine, ni milimita 1.25 na ya 5/16 ya tredi nyembamba ni kama 1.06. Fundi asiye na subira anaanza kwa vidole, inaingia mizunguko miwili inagoma, anachukua spana anailazimisha, inaingia kweli lakini imeshakula tredi za bloku, na siku ikichomoka ndo mwenye trekta anaambiwa bloku imekufa. Haijakufa, inatobolewa na kuwekewa tredi mpya, lakini ni gharama ambayo haikuwa na sababu. Massey za Uingereza bolti zake nyingi ni za inchi, Kubota na Yanmar ni za milimita. Tunaomba sana hili lizingatiwe.

Sasa injini. Massey 135 ilitoka 1964, na nyingi tunazoziona zina Perkins ya dizeli ya silinda tatu, lita 2.5, AD3.152. Injini hiyo hiyo ndo imefungwa kwenye Massey 240, ambayo kila mtu huku anaijua, na Pakistani bado wanaitengeneza, India nao walichukua leseni ya Massey zamani sana na wana spea zao. Kwaiyo unayeambiwa 135 haina spea, uliza spea za 240: pistoni, ringi, gasketi, metali, vingi vinaingia bila maneno. Filta ya dizeli ya CAV 296 ni ya bei ndogo na inapatikana kirahisi. Ila usikurupuke kwenye laina, yale mabomba ya silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, zipo za aina mbili, zenye ukingo juu na zisizo na ukingo, na sili ya nyuma ya krenki kuna injini zina ya kamba na kuna zenye ya mpira. Ndo mana tunasumbua watu na namba ya injini, ile iliyopigwa kwenye bloku yenyewe, sio ya kibati cha kwenye dashibodi peke yake, mana trekta ya umri huu inaweza ikawa imeshabadilishwa injini hata mara mbili na hakuna anayekumbuka.

Mwenye Massey 35 hesabu kwanza silinda. Za dizeli za mwanzo zilikuja na injini ya kampuni ya Standard ya silinda nne, kuanzia mwisho wa 1959 ndo ikaingia Perkins ya silinda tatu. Kama yako ni ya tatu, tulia, uko vizuri. Kama ni ya nne tutakwambia ukweli mapema, spea za injini hiyo kwa kawaida ni za kuagiza Uingereza, itachukua muda, na wewe ndo utaamua kama unaipenda kiasi hicho. Sisi tunazipenda, lakini hela ni yako.

Hizi ndogo za Kijapani, Kubota na Yanmar na Iseki zilizoingia zikiwa zimeshatumika, shida yake ni nyingine. Modeli nyingi ziliuzwa Japani tu, kitabu chake ni cha Kijapani, kwaiyo dukani haipo kwenye orodha yao. Lakini injini ina modeli yake peke yake, na injini hizo zilifungwa pia kwenye jenereta na mashine za ujenzi. Yanmar ndo waliowatengenezea John Deere zile trekta ndogo za 650, 750 na 850, kwaiyo sa ingine filta au gasketi ya Yanmar tunaipata kwa kupitia kitabu cha John Deere. Vinafanana vingi, sio vyote, lazima kuweka kimoja juu ya kingine kabla hujalipa. Na zile za kukatia majani zenye injini ya Briggs, tafuta kwenye kava la bati juu ya injini kuna namba tatu, modeli, taipu na kodi (imeandikwa "code"), kodi ikianza na 78 injini ni ya 1978. Piga picha zote tatu tutumie.

Kuhusu kutunza tuna mawili matatu. Kwenye 35 na 135 mafuta ya giaboksi na ya haidroliki ni yale yale, kwaiyo ule mpira wa chini ya gia liva ukichanika, mvua ya masika inashuka moja kwa moja mpaka kwenye pampu ya haidroliki. Chomoa dipustiki uangalie, mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa usiendelee kulima, mwaga, safisha, weka mapya, na mpira ubadilishwe kwanza. Mpira huo bei yake haifiki hata robo ya pampu. Na ukibadilisha filta ya dizeli lazima utoe upepo, kwanza kwenye filta, alafu kwenye skrubu za pampu, alafu unalegeza nati za paipu za nozeli mpaka dizeli itoke bila mapovu. Watu wanapiga stata tu mpaka betri inakufa na stata inaungua, wanakuja kusema pampu mbovu. Wa karibu na bahari, Raskazone, Pangani, vichwa vya betri na waya wa bodi visuguliwe na vipakwe grisi, chumvi ya hewani inakula waya kimya kimya. Alafu trekta za Kiingereza za miaka ya 50, kama ile Ferguson ya kijivu TE20, zilitoka kiwandani kichwa cha chanya cha betri ndo kimefungwa kwenye bodi, kwaiyo usifunge betri kwa mazoea ya gari, angalia kwanza.

Rangi ni ya mwisho. Tunapata wateja wanaotaka tuanze na rangi nyekundu inang'aa ili majirani waone kazi imeanza, tunawaelewa, lakini hatufanyi. Kwanza injini iwake na ishike joto bila kuchemsha, breki zishike, haidroliki inyanyue jembe na kulishikilia, valvu zipimwe gepu, milimita 0.30 injini ikiwa baridi kwa hiyo Perkins, na uvujaji wote uishe. Rangi juu ya oili inabanduka tu, utalipa mara mbili.

Ukileta kazi kwetu tunafungua, tunaangalia mbele yako au tunakutumia picha, alafu ndo tunataja bei, hatutaji bei ya ovahoo kwa simu. Kitu kisichopatikana kabisa, bushi, pini, shafti fupi, tunachongesha kwa watu wa lethi, lakini tunahitaji cha zamani hata kama kimevunjika vipande, kwaiyo tafadhali usitupe chochote na usimpe wa chuma chakavu "vile vibovu". Walio mbali, Korogwe, Lushoto, Handeni, mnaweza kutuma kifaa kwa basi. Kifute mafuta, kifunge kwenye gunia, karatasi yenye jina lako na namba ya injini itie kwenye mfuko wa nailoni uiweke ndani ya gunia, mana za nje zinalowa oili zikifika hazisomeki, na upige picha ya pale kilipotoka kabla hujakisogeza.