Zile paneli mpya ulizoniuliza

Ujiji, Kigoma

Kwako Maganga,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu. Barua yako imefika pamoja na asali, watoto wameshaigombania.

Umeuliza kama hizo paneli za sola za perovskaiti, yaani fuwele za kutengenezwa zinazogeuza mwanga kuwa umeme, zitakuharibia kazi yako ya kufunga paneli za kawaida za silikoni. Kwa sasa hapana, ila usizidharau. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walipata ufanisi wa asilimia 3.8 tu, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme, leo seli ndogo za maabara zimevuka 26, ngoma droo na silikoni. Wala hazitaki tanuru kali: unapaka dawa kwenye kioo, unapasha nyuzi kama 100, kwisha.

Kinachonikera ni risasi iliyomo, ile metali yenye sumu, si ya bunduki. Najua utacheka: betri moja ya gari ina kilo kadhaa za risasi, na paneli hii haifiki gramu moja kwa mita ya mraba. Sawa, lakini betri haikai juu ya paa. Perovskaiti ikilowa humeguka, na risasi yake huondoka na maji. Sasa njoo kwa mama hapa Ujiji: paneli iko juu ya bati, mvua inateremka moja kwa moja hadi kwenye simtanki, wajukuu wanachota kwa kikombe. Tawi la mwembe likianguka, kioo kikapasuka pembeni, nani atapanda kuangalia? Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Wanaotaka kuitoa wamekimbilia bati, yale madini ya Kyerwa, si ya kuezekea. Linanyonya mwanga vizuri. Adui yake ni hewa: likikutana na oksijeni linabadilika na seli inakufa, ndiyo maana wanalifanyia kazi ndani ya masanduku yaliyojaa naitrojeni. Mwaka 2014 walianza na kama asilimia 6, sasa wamevuka 15. Bismuthi, metali nyingine wanayoijaribu, inavumilia zaidi, ila umeme wake kiduchu.

Mimi ningechukua ya 15 isiyo na risasi, mradi idumu. Kwa taa za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi na kuchaji simu, unaongeza paneli moja mambo yanaisha. Hiyo ya kudumu ndiyo haijapatikana.

Kwa hiyo endelea kufunga silikoni zako. Ila zile betri mbovu ulizorundika karibu na kisima, zihamishe kabla mvua hazijaanza, tafadhali.

Msalimie shemeji. Nikipata tiketi ya treni Desemba, nitashuka hapo Tabora.

Wako,
Juma