Tangazo la pikapu lituambie na ilikotoka

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa matangazo ya magari unasomwa nyumbani kwetu Bombo kabla ya habari za siasa. Majuzi mlichapa tangazo la pikapu ya Toyota Hilux dabo kabini ya mwaka 2012, ikisifiwa kwamba imetoka Japani moja kwa moja, imetembea kilomita 98,000, ni gari la familia na ni safi kama mpya. Nililifuata tangazo hilo mpaka kwenye bondi, yaani yadi ya magari yaliyoingizwa kutoka nje, huko Kampala, pamoja na shemeji yangu ambaye ni fundi. Katika yote yaliyoandikwa, nililolikuta sawasawa ni mwaka.

Tuanze na hiyo Japani. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikurudi kuiuza huko hadi 2017. Mjapani aliyetaka Hilux mpya mwaka 2012 hakuipata dukani kwao. Zile za zamani, zilizouzwa huko kabla ya 2004, leo haziwezi kuingia Uganda, maana tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe. Sasa hii ya kwenye tangazo ilitoka Japani ipi?

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa malori ya jeshi, na alitufundisha sisi watoto kusoma namba ya chasisi kabla hatujajua kusoma gazeti. Kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Ikianza na JT, Toyota hiyo imetengenezwa Japani. MR0 ni Thailand, AHT ni Afrika Kusini. Niliinama, nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikakuta MR0. Kijana wa bondi akaniambia, "Hajati, Thailand na Japani ni kampuni moja." (Makka sijafika bado, lakini bondini kila aliyejifunga ushungi ni Hajati.) Kampuni moja ni kweli, na viwanda vya Thailand sina ugomvi navyo, pikapu zao ni nzuri. Ila herufi zile zinakwambia gari lilikotengenezwa tu. Lilikoishi unalitafuta kwingine.

Mimi jibu nililipata kwenye dashibodi. Tarakimu kubwa za saa ya spidi zilikuwa za maili kwa saa, na za kilomita zimeandikwa ndogo ndogo kwa ndani. Hilux yenye usukani wa kulia na saa ya maili imeishi Uingereza. Kwa hiyo zile 98,000 zilikuwa maili, ambazo ni kama kilomita 157,700. Sisemi mwenye tangazo alidanganya makusudi, huenda hakuangalia. Lakini bei aliyoitaja, milioni 65, ilikuwa bei ya kilomita 98,000.

Na hesabu ya kilomita si ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Gari la kazi likitunzwa, 157,000 si umri wa kuogopa. Kilichonirudisha ni chumvi. Waingereza wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani ili barafu isishike, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kuanza kula chuma. Pikapu si kama gari dogo la kawaida: kabini, injini na boksi la mizigo, vyote vimekaa juu ya vyuma viwili virefu, ndiyo chasisi, na vyuma hivyo sehemu kubwa vina uwazi ndani. Tope la chumvi likiingia humo halioshwi na mtu. Jina kubwa la kampuni halizuii hilo. Mwaka 2008, kule Marekani, Toyota yenyewe ilinunua tena kutoka kwa wateja pikapu za aina ya Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ambazo chasisi zao zilikuwa zimeoza.

Shemeji akaomba kulala chini ya gari. Hapo ndipo ucheshi wa kijana ulipokwisha. Kufungua boneti, karibu. Kuwasha injini, karibu sana, na ilikuwa imeshapashwa moto kabla hatujafika, maana niliweka mkono juu ya boneti nikakuta ya vuguvugu. (Dizeli ya namna hiyo inataka isikilizwe ikiwa baridi, ndipo nozeli mbovu, zile za kupulizia mafuta kwenye injini, zinaposema.) Lakini kulala chini, ati utaratibu wa bondi hauruhusu. Tulisimama pale, mimi nimeshika pochi yangu waziwazi, mpaka tajiri wake akatoka ofisini na kuruhusu.

Chini kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi mbichi, kote, hadi kwenye mipira isiyopakwa rangi. Shemeji hakusema kitu. Alichukua spana, akaanza kugonga kwa upole kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele chuma kiliitika vizuri, ngo, ngo, ngo. Alipofika karibu na ekseli ya nyuma, pale springi inaposhikana na chasisi, sauti ikawa pu. Akagonga tena, na kipande cha kutu kipana kama kiganja kikamdondokea kifuani, upande mmoja rangi mpya, upande mwingine unga wa kahawia. "Hiyo ni tope tu," kijana akasema. Shemeji akamkabidhi.

Nieleze kwa nini ninang'ang'ania chasisi kuliko injini. Injini inafunguliwa. Shokapu, bushi, nozeli, taa, hata kioo cha mbele, nikishuka Kisekka, soko la vipuri Kampala, napata, kipya au kilichotumika, na fundi wa kufunga yupo. Chasisi iliyooza juu ya ekseli wanaichomelea bamba, gari linatoka gereji limenyooka, na siku lina tani ya mananasi nyuma na watoto ndani, hakuna awezaye kukuhakikishia bamba lile limeshika wapi.

Hilo la watoto linanileta kwenye "gari la familia". Sisi tuna shamba la mananasi huku Luweero, na pikapu tunayoitafuta ni ya kupeleka mzigo soko la Kalerwe siku za kazi na kubeba familia siku nyingine. Nilikwenda na watoto wangu watatu makusudi, nikawaketisha nyuma, nikafunga milango. Kijana alicheka, lakini sijui njia nyingine ya kupima kiti. Mgongo wa kiti cha nyuma umesimama wima, na magoti ya mkubwa yaligusa kiti cha mbele. Mikanda ya pembeni ilikuwa mizima. Wa katikati ulikuwa wa kiunoni tu, umezama chini ya kiti, tukauvua kwa vidole pamoja na karanga za watoto wa Kiingereza. Hapo watu watano wameenea. Mama mkwe akija kututembelea, mmoja wetu atapanda bodaboda, na tumeshakubaliana ni baba watoto. Nyuma kwenye boksi hapandi mtu wa kwangu. Ninaona kwenye barabara ya Gulu, Jumapili baada ya harusi, watoto wamekaa juu ya viti vya kukodi na sufuria, pikapu inakimbizana na mabasi, na huwa nageuza uso.

Mnunuzi wa familia aangalie pia springi za nyuma. Ya pale bondini ilikuwa imeongezewa majani mawili, yaani vile vyuma bapa vya springi, mapya kuliko wenzake. Maana yake aliyekuwa nayo alibeba mizigo mizito, au mtu aliitayarisha kuibeba. Pikapu tupu kwa kawaida inaruka, ikiongezewa majani watoto watatapika kabla ya kufika Wobulenzi. Na mvua ikinyesha kwenye barabara ya udongo, mkia mwepesi usioshikwa na mzigo unateleza hata kwa dereva mzuri.

Hatukuinunua. Siku hizi tunawinda pikapu zilizonunuliwa mpya hapahapa Uganda, zinazouzwa kwenye minada ya miradi na mashirika. Shemeji ameshapima moja yenye kilomita 240,000: rangi imepauka, bushi zimekwisha, usukani unacheza, kiti cha dereva kimechanika. Chini, chuma kinaitika kuanzia mbele hadi nyuma, na kitabu cha sevisi kipo. Baba watoto hataki kuisikia kwa sababu haing'ai. Mimi naiona ina nafuu, maana kila kilichoharibika kina bei ninayoijua.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo. Anayetangaza pikapu katika gazeti lenu atakiwe kuandika herufi tatu za mwanzo za namba ya chasisi, nchi gari lilikotumika mara ya mwisho, saa yake ni ya maili au ya kilomita, na kama mnunuzi anaruhusiwa kulala chini. Mkisema nafasi haitoshi, futeni "safi kama mpya". Herufi tatu zitaenea hapo, na nafasi itabaki.

Wako msomaji,
Mama wa watatu,
Bombo, Luweero