Shukrani kwa mzee wa fimbo, njia ya Naiyobi

Mzee wangu, shikamoo popote ulipo. Mimi ndiye yule mwandishi uliyenikuta nimekaa juu ya jiwe chini ya kijiji cha Naiyobi, goti limevimba, maji yamebaki mafunda mawili. Nilikuwa nimetembea kutoka Nainokanoka, nikapita ukingo wa kreta ya Empakaai, nikiandika habari za safari ya miguu hadi Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano kaskazini mwa Tanzania.

Hukuniuliza natoka wapi. Ulinipa fimbo yako, ukapakia mzigo wangu juu ya punda wako, ukapunguza mwendo uendane na wangu hadi kijiji cha Ngare Sero, chini ya mlima huo. Jua la Bonde la Ufa lile, analijua aliyelipita mchana.

Mlima ulipojitokeza wote mbele yetu, ulisimama, ukanyamaza kitambo. Kisha ukaniambia: huu ni Mlima wa Mungu, haupandwi kwa pupa. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya lava yake, inayotoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikikutana na unyevu, na juu ya mlipuko wa 2007. Kunyamaza kule sikukusoma popote. Ndiyo maana usiku wa manane, kabla sijaanza kupanda, nami nilisimama kimya kama wewe.

Nilipogeuka nikushukuru pale kijijini, ulikuwa umeshaondoka na punda wako. Fimbo ninayo bado. Asante sana, mzee wangu. Kiangazi kijacho nitapita boma kwa boma mpaka nikurudishie mkononi.