Kikao kianze na kalamu kabla ya kipaza sauti

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu namna tunavyoendesha vikao vya kutafuta ufumbuzi wa matatizo makubwa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwezesha vikao vya aina hiyo, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho, na baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyafanya mwenyewe.

Kikao cha kawaida huenda hivi. Mwenyekiti anafungua, anasoma ajenda, kisha anauliza, "Jamani, tufanye nini?" Anayejibu kwanza ni mwenye cheo au mwenye sauti, naye haelezi tatizo bali anataja dawa: tununue mashine, tuongeze watumishi, tuandae mafunzo. Kuanzia hapo muda wote uliobaki ni wa kuiunga mkono au kuipinga dawa hiyo, na yule karani aliyeketi karibu na mlango, ambaye ndiye anayeshughulika na jambo hilo kila siku, anaondoka na mawazo yake kichwani. Kumbukumbu za kikao zitasema wajumbe walikubaliana kwa kauli moja.

Kasoro hii haiponi kwa kuhimizana kwamba kila mtu ajisikie huru kuchangia. Mmarekani Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, alieneza utaratibu wa bungua bongo akiamini kwamba watu wakikatazwa kukosoana watatoa mawazo mengi zaidi wakiwa pamoja. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliupima: makundi ya watu wanne wanne waliobungua bongo pamoja yalilinganishwa na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakaunganishwa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja tu. Waliokuwa peke yao walipata karibu mara mbili ya mawazo ya wale waliokaa pamoja. Baadaye, mwaka 1987, wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kwamba sababu kubwa ni zamu yenyewe ya kusema. Mmoja akizungumza wengine wamenyamaza, na anayesubiri zamu ama husahau alichotaka kusema, ama hukiona kimepitwa na wakati.

Ndiyo maana naipenda mbinu waliyoieleza wataalamu wa menejimenti André Delbecq na Andrew Van de Ven mwaka 1971, ambayo jina lake la asili lina maana ya kundi kwa jina tu, kwa sababu sehemu yake ya kwanza watu wamekaa meza moja lakini hawasemezani. Swali moja huandikwa mbele ya wote. Kwa dakika kumi hivi kila mjumbe anaandika majibu yake kimya. Kisha mwezeshaji anazunguka akipokea wazo moja tu kwa kila mtu, bila mjadala, na kuliandika kwenye bangokitita kwa maneno ya mwenye wazo, mizunguko ikiendelea hadi mawazo yaishe. Ufafanuzi unafuata, na mwisho kila mtu anapanga kwa siri yale anayoyaona mazito, alama zikajumlishwa. Dakika zile kumi za ukimya ndizo wenyeviti wengi hawazistahimili. Nimemwona mmoja akikohoa, akichungulia saa, hatimaye akianza kuhutubia, na kalamu zote zikawekwa chini.

Kukusanya mawazo, hata hivyo, si kulichambua tatizo. Kwa kazi hiyo wengi tunatumia mti wa matatizo, ambao shirika la ushirikiano wa kiufundi la Ujerumani, GTZ, liliuingiza katika utaratibu wake wa kupanga miradi mwaka 1983. Tatizo kuu hukaa kwenye shina, visababishi vikawa mizizi na athari zikawa matawi. Kila kadi hubeba wazo moja, nazo hubandikwa ukutani ili ziweze kuhamishwa. Kuna kanuni moja ndani ya mbinu hii ambayo naiona ina thamani kuliko kadi zote za rangi: tatizo lisiandikwe kama ukosefu wa ufumbuzi, liandikwe kama hali mbaya iliyopo.

Niliiona nguvu ya kanuni hiyo katika kituo kimoja cha matibabu ambako wagonjwa walilalamikia kusubiri mno. Kadi nyingi za mwanzo zilisema kitu kimoja, "Hakuna kompyuta." Niliwaomba waandike tena, wakieleza kinachotokea pale dirishani. Mama mmoja wa chumba cha kumbukumbu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi, aliandika kwa herufi kubwa, "Faili halionekani mgonjwa akirudi." Kwa nini halionekani? Kwa sababu limebaki mezani kwa daktari aliyelitumia mara ya mwisho. Kwa nini limebaki? Kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuzikusanya faili jioni. Chumba kilinyamaza kidogo, kisha watu wakacheka, maana kila mmoja alikuwa anajua. Kadi ya kompyuta haikutupwa, ila ilisogezwa pembeni, na mzizi uliobaki katikati haukuhitaji fedha nyingi.

Msomaji anayejua viwanda atasema huko ni kuuliza "kwa nini" mara tano tu, kama alivyofundisha Taiichi Ohno wa Toyota. Ni kweli zinafanana, lakini mnyororo wa maswali hufuata njia moja, ilhali katika mambo magumu kila "kwa nini" ina majibu matatu au manne, na mengine yanarudi kuwa sababu ya yale yaliyotangulia. Hata mti nao huelemewa hapo, kwa kuwa mizizi ya mti haizunguki kurudi kwenye tawi. Ikifika hatua hiyo ni afadhali kuchora mishale kwenye karatasi mpya kuliko kulazimisha umbo.

Horst Rittel na Melvin Webber, wataalamu wa usanifu na mipango miji, waliandika mwaka 1973 kwamba matatizo ya mipango ya jamii yana ukorofi wake: namna unavyolieleza tatizo tayari imebeba ufumbuzi unaoupendelea, na hakuna jaribio lisiloacha alama, kwa sababu ukishalijenga jambo huwezi kulirudisha lilivyokuwa. Wapo wanaoichukua hoja hiyo kama ruhusa ya kuacha uchambuzi. Mimi naichukua kinyume chake: ikiwa maelezo ya tatizo ndiyo yanayoamua, basi yasiandikwe na mtu mmoja usiku wa kuamkia kikao.

Sifichi kwamba mbinu hizi huharibiwa pia. Utaratibu huo wa GTZ ulipofanywa sharti uligeuka kuwa ibada ya kujaza majedwali, na katika miaka ya 1990 shirika lenyewe lililegeza masharti yake. Jedwali la mantiki la mradi, linalopanga malengo ya mradi na hatua za kuyafikia, lililobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, lina safu ya mambo tunayoyadhania kuwa yatatokea bila sisi kuyasababisha. Ndiyo safu inayoweza kuuokoa mradi, nayo ndiyo inayojazwa jioni ya siku ya mwisho watu wakiwa wamekwisha kufunga mabegi. Nami niliwahi kurudi chumbani baada ya kikao, nikaandika upya kadi za watu kwa mwandiko mzuri na lugha iliyonyooka, na kesho yake wenyewe wakasimama mbele ya ukuta kama wageni. Mmoja aliniuliza hayo yamesemwa na nani.

Ombi langu kwa wanaounda kamati na tume ni dogo. Kikao cha kwanza kisipitishe pendekezo lolote. Kiishie kwenye tatizo lililoandikwa, likiwa na visababishi vyake, na orodha ya waliolieleza iwe na wale wanaoishi nalo kila siku, si wasimamizi wao peke yao. Ripoti inapotolewa, ukurasa huo uwekwe mbele ya mapendekezo, pamoja na visababishi vilivyopata alama chache kwenye kura ya siri, ili anayesoma aone ni nini kilichoachwa, na aweze kuuliza kwa nini.

Wako,
Mwezeshaji wa vikao