Shukrani kwa dada wa kibanda cha vitabu

Dada yangu, sikupata kukuuliza jina, lakini napenda kukushukuru hadharani kwa kumpendekezea binti yangu Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya iliyochapishwa mwaka 1996, tulipokuja kwako kutafuta kitabu cha mazoezi tu. Hukumwambia kwamba ina mafunzo, maneno ambayo aghalabu humkimbiza kijana. Ulimsimulia kwamba Kongowea, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba yake, kisha ukanyamaza pale pale alipotaka kujua kama atampata. Aliisoma hata mezani, kijiko mkononi, wali ukipoa. Sasa anadai kitabu kingine, nasi tutakuja Jumamosi, Mungu akipenda, utuchagulie wewe mwenyewe.