Kundi la WhatsApp la wodi yetu

Iringa

Dada yangu mpendwa,

Nimefurahi kusoma kwamba muuguzi mfawidhi wenu amekukabidhi kazi ya kuanzisha kundi la WhatsApp la kuwaelimisha wauguzi wa wodi ya wazazi. Umeniuliza letu linakwendaje. Nitakueleza bila kuficha, maana miezi ya mwanzo tuliliendesha vibaya.

Tulidhani kuelimishana ni kurushiana mafaili. Aliyetoka zamu ya usiku alikuta jumbe themanini, bando limekwisha, na katikati ya miongozo zimo pole za misiba na matangazo ya vikoba. Kisha ukaja ujumbe usio na tarehe, uliosema kwamba mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua apewe asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia kuzuia damu, pale tu oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, inaposhindwa. Haukuwa uongo, ila ulikuwa umepitwa na wakati. Karibu hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2012. Lakini mwaka 2017, baada ya utafiti uliohusisha wanawake 20,060 kuonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya kutokwa damu, hasa ikiwahi kutolewa, Shirika lilielekeza gramu 1 iingizwe mshipani taratibu kwa dakika 10, mapema iwezekanavyo ndani ya saa 3 tangu kujifungua, sambamba na matibabu mengine. Wenzetu wawili walikuwa wamekwisha kuunakili ujumbe ule wa zamani kwenye daftari la wodi.

Tangu siku hiyo, ujumbe usiotaja chanzo na mwaka hufutwa. Jumatatu mmoja wetu huweka kisa kimoja kifupi na swali moja, wengine hujibu kadiri zamu zinavyowaruhusu, na Ijumaa, wakati wa kukabidhiana zamu, jibu huonyeshwa kwa vifaa vyenyewe. Hili la Ijumaa usiliache hata kidogo, kwa sababu kumpa hewa mtoto mchanga aliyezaliwa hapumui, ndani ya dakika yake ya kwanza, hakufundishiki kwa video peke yake. Ni lazima mkono uzoee kuibana barakoa ya kumpa hewa usoni mwa mtoto, hewa isivuje.

Picha za wagonjwa tumezipiga marufuku, hata zisizoonyesha sura. Mji wetu ni mdogo, kidonda na saa ya zamu vinatosha kumtambulisha mtu, na simu zetu nyumbani huchezewa na watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo. Tena usiwaahidi wenzako pointi za kuhuishia leseni. Hayo ni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Mkunga wetu mkongwe hayumo kundini, kwani simu yake ni ya kitochi. Hata hivyo, Ijumaa yeye ndiye hutusahihisha wengi, nasi tumeanza kumsomea swali mapema.

Ukiwa na kisa cha kifafa cha mimba kilichowafundisha jambo, niandikie bila jina wala namba ya kitanda, ili nikiweke Jumatatu ijayo.

Wako katika kazi,
Dada yako wa wodi ya wazazi